Udaktari gani huo usio na sindano?

Mwaka wa kwanza nilivyorudi kwetu Amu, yaani Lamu, likizo, hata mkoba sijautua vizuri mtaa washajua kuna daktari kaja. Manake mamangu alikuwa ashawaambia majirani nasomea "mambo ya afya", na mambo ya afya kwetu ni sindano na dawa, hakuna kingine. Jioni hiyohiyo akaja bibi wa nyumba ya pili, akakaa kitako akanyosha mguu, goti limefura, "haya mwanangu, nitazame." Nikamwambia bibi mimi si daktari wa hivo. Akaniangalia. "Sasa wewe ni daktari gani?" Nikaanza kueleza, sijui jamii, sijui utamaduni, sijui mahusiano ya mgonjwa na tiba, akanikata palepale, "yaani babako alipa karo usomee kuzungumza na wagonjwa?"

Wallahi mpaka leo sijapata profesa aliyeieleza kozi yangu hiyo ya jamii na afya kwa ufupi kama bibi huyo.

Sasa kwa vile naulizwa kila siku ni kozi gani hiyo, na wengine ni wazazi walio na watoto wanataka kuichagua, acha nijaribu kuifungua. Kwanza jina lenyewe latatiza. Pengine utaikuta yaitwa anthropolojia ya tiba, pengine sosholojia ya afya, pengine imejificha ndani ya afya ya umma kama somo moja tu la semista. Mtu wa anthropolojia hukaa na watu wachache muda mrefu mpaka aanze kuelewa vile wao waona mambo, wa sosholojia huangalia zaidi makundi, nani tajiri nani maskini, hospitali yenyewe yaendeshwaje, na wa afya ya umma yeye ataka kujua kesho asubuhi tufanye nini. Kwa vitendo wote wasomana na waibiana maswali, kwa hivo usikose usingizi kwa sababu ya jina. Angalia masomo yaliyo ndani.

Kitu kilichonifungua macho mimi ni neno letu wenyewe. Pwani hii mtu akiumwa twasema hawezi. "Fulani jana hakuja, hawezi." Hatusemi hawezi nini, hawezi tu, yatosha. Basi tuko darasani lekchara atufundisha kwamba kuugua kuna sura tatu zisizofanana. Ya kwanza ni ugonjwa wenyewe, ule unaoonekana maabara, mdudu, sukari kupanda, mshipa kuziba. Ya pili ni kuumwa, yale mwenyewe ayasikia ndani ya mwili wake. Ya tatu ni ile hali ya kutambuliwa na watu kuwa wewe ni mgonjwa. Kuna mwanasosholojia Mmarekani aitwa Talcott Parsons, mwaka 1951 alieleza kwamba mgonjwa apewa nafasi yake katika jamii, ina haki na ina wajibu: asamehewa kazi, halaumiwi kwa kuugua, lakini na yeye lazima aonyeshe ataka kupona na atafute mtu wa kumtibu. Nilicheka mpaka nikaangaliwa, manake hiyo si ndo "hawezi" yetu? Ukishakuwa hawezi hupiki, waja kutazamwa na uji na machungwa, hakuna wa kukuuliza mbona hukutokea harusini. Lakini kaa hawezi wiki tatu na dawa hutaki kumeza uone maneno yataanzia wapi.

Raha ya hizi sura tatu ni pale zinapoachana. Chukua presha. Ugonjwa uko, mashine yauona, lakini mwenyewe haumwi popote, apanda ngazi ashuka ngazi, sasa wewe wamwambia ameze tembe kila siku mpaka afe, kwa kitu ambacho hakisikii. Akiacha dawa twamwita mjinga. Au geuza upande wa pili, mtu alala hajiwezi, apelekwa hospitali, apimwa kila kitu, arudi na jibu moja, "wamesema hana kitu." Hana kitu! Na yuko pale kitandani anung'unika. Hapo ndo watu waenda kutafuta kombe, maandishi ya aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe yanaoshwa maji yakanywewa, si kwa sababu hawaiamini hospitali, hospitali washaenda, bali kwa sababu hospitali imewajibu swali moja na wao walikuwa na mawili.

Swali la pili ni lipi? Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa na watu wa kabila la Wazande kule Sudan miaka ya 1920, ana mfano wake maarufu wa ghala. Watu wamekaa kivulini chini ya ghala la nafaka, ghala laanguka lawaua. Wazande wajua vizuri kwamba mchwa ndo walikula miti, hawana shida na hilo. Wanalouliza wao ni mbona lianguke saa ile, na mbona wale ndo wawe wamekaa pale? Mchwa hajibu hilo. Na wewe ukiwa na mtoto wa miaka sita ana saratani na daktari akakueleza seli zimefanya hivi na hivi, usiku ukilala ni swali gani litakuamsha?

Halafu kuna kitu tulichofundishwa ambacho kama ningekuwa na uwezo ningekibandika ukutani kila zahanati. Arthur Kleinman, daktari wa maradhi ya akili wa Harvard na pia mwanaanthropolojia, aliyefanya kazi sana Taiwan, mwaka 1978 yeye na wenzake walitoa maswali ya kumuuliza mgonjwa kabla hujamwandikia chochote. Kwa lugha yetu ni kama hivi: tatizo hili wewe waliitaje, waona limeletwa na nini, kwa nini lilianza wakati ule lilipoanza, lafanya nini mwilini mwako, waona ni kali na litakaa muda gani, waona wahitaji tiba gani, limekuharibia nini maishani, na katika ugonjwa huu hasa waogopa nini. Maswali ya mtoto mdogo kabisa. Jaribu kukumbuka mara ya mwisho uliulizwa hata mawili katika hayo.

Ukitaka kuona maswali hayo yafanya kazi gani twende Kilifi, si mbali. Mtafiti wa Kenya, Halima Mwenesi, na wenzake walitoa mwaka 1995 utafiti kuhusu kina mama na malaria ya watoto. Kina mama homa ya kawaida waliijua, walikimbia dukani wakanunua dawa. Lakini mtoto akikakamaa, macho yakigeuka, hawakuona hiyo ni malaria iliyozidi, waliona ni jambo jingine kabisa, la mashetani, lina watu wake wa kulitibu. Peter Winch na wenzake wakakuta mambo kama hayo Bagamoyo, Tanzania, mwaka uliofuata, homa ya malaria iko huku na degedege iko kule, hazina undugu. Na lugha yenyewe yakuambia: dege, nyuni, yote ni majina ya ndege, kitu kimepita juu kikampata mtoto. Sasa redioni kila siku watangaza "malaria yaua, mpeleke mtoto hospitali haraka", na mama amepakata mtoto wa degedege, tangazo hilo lamhusu nini? Amelisikia vizuri sana. Hana mtoto wa malaria. Pia kulikuwa na hofu kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa, na ukikaa ukafikiria si wazimu, mtoto kafikishwa kazidiwa, kachomwa, kafa, na jirani aliona kwa macho yake.

Sasa hapa ndo nataka ninyi mnaofikiria kuisomea muwe makini, kwa sababu ukiishia hapo utatoka chuoni na ugonjwa mbaya, ugonjwa wa kuona utamaduni kila mahali. Nimeuugua mwenyewe. Mwaka wa tatu nilienda mazoezini kwenye mradi fulani, kazi yangu ilikuwa kujaza fomu za kina mama waliojifungulia nyumbani au waliofika hospitali wamechelewa. Fomu ilikuwa na sehemu ya sababu, na kisanduku cha kwanza kimeandikwa "mila na imani". Nilitia alama kisanduku hicho mpaka kalamu ikazoea njia.

Halafu siku moja nikakaa na mama mmoja kutoka upande wa visiwa vya mbali, nikaacha fomu nikasema nieleze tu usiku ule. Uchungu ulimshika saa nane. Mume yuko baharini. Mkwe akasema tungoje kidogo, kweli alisema, na hilo ndo ningeliandika. Lakini akaendelea. Boti ya mashine ilikuwa moja, mwenyewe ataka pesa ya mafuta kwanza, na bei ya usiku si ya mchana. Pesa ya kuchanga ikapatikana alfajiri kwa watu wanne. Wakati huo maji yamekupwa, na wanaoijua njia ya Mkanda pale katikati ya kisiwa cha Manda na bara wajua maji yakikupwa hupiti, wakaa ukingoja pamoja na mikoko. Alifika mchana. Mkwe kwenye hadithi nzima ana sentensi moja. Kisanduku cha mafuta na kisanduku cha maji kupwa fomu haina, na mtu wa ofisini akisoma ripoti yangu atasema watu wa visiwani wahitaji kuelimishwa.

Aliyenisaidia kuliona hilo ni Paul Farmer, daktari na mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya kazi Haiti miaka mingi, akafariki Rwanda 2022. Kule Haiti wahudumu wa afya walisema wagonjwa wa TB hawamalizi dawa kwa sababu waamini wamelogwa. Yeye na wenzake wakaangalia: wengi kweli waliona uchawi waweza kuleta TB, ila imani hiyo siyo iliyoamua nani apone. Waliopewa na chakula, na pesa ya kusafiria, na mtu wa kuwatembelea nyumbani, walipona, walioamini uchawi na wasioamini. Kwa hivo mimi sasa nina kanuni yangu ya kienyeji, nikisikia mtu asema "ni utamaduni wao", nauliza kwanza nauli ni ngapi. Utamaduni upo, sikatai, nimetoka kuwaeleza degedege hapo juu. Lakini mara nyingi watu wautumia kama zulia, chini yake wamefagilia umaskini na uzembe wa serikali. Na hata kuamua kwenyewe si kwa mtu mmoja: John Janzen alieleza mwaka 1978 kutoka Kongo vile jamaa ndo huunda kikao cha kusimamia tiba, na kwetu ni hivohivo, aumwa mmoja waamua sita, na mmoja kati ya hao sita ndo mwenye simu iliyo na salio.

Na mbona twende Haiti wakati Amu yenyewe ina hadithi yake. Mwaka 2004 kisiwa kizima kiliingia maradhi ya viungo, homa na maumivu ya mifupa mpaka mtu mzima atembea ameinama kama anatafuta sindano. Ilikuwa chikungunya. Watafiti walipopima damu baadae walikadiria karibu robo tatu ya wakaazi walikuwa wameupata. Kisha ukateremka Mombasa, ukavuka Komoro, ukafika mpaka Réunion. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kutoka mlipuko wa kusini mwa Tanzania mwaka 1952 na 1953, maana yake ni kukunjika, yaani wagonjwa wenyewe ndo waliutaja ugonjwa na dunia nzima ya sayansi ikafuata. Napenda sana hilo.

Lakini uliingiaje? Mbu, sawa, ndo jibu la maabara. Mbu katoka wapi na ulikuwa ni ukame? Hapo hapo. Mvua hakuna, maji ni shida, watu wakaweka maji ndani kwenye mitungi na mapipa, na maji ya shida huyamwagi, hukai ukasugua pipa, watumia yabaki yaliyobaki. Yale majumba ya mawe ya zamani chooni mna birika, na wazee walikuwa wakitia samaki wadogo ndani wale viluwiluwi vya mbu, mpaka chini ya birika waliijengea bakuli la Kichina ili maji yakipungua samaki wabaki na pahali pa kukaa. Watalii waja kupiga picha bakuli wasema ni pambo. Mtungi wa plastiki hauna samaki. Ukiisomea kozi hii hilo ndo aina ya swali utakalokuwa nalo: nani ana birika na nani ana mtungi, na bomba lafika nyumba ya nani. Mjerumani Rudolf Virchow alitumwa 1848 kwenda Silesia ya Juu kuangalia mlipuko wa typhus, homa iletwayo na chawa, alikuwa daktari kijana tu, akarudi na ripoti kwamba dawa ni elimu, uhuru na maisha bora. Sidhani walifurahi waliomtuma.

Kuna wanaosema haya yote ni maneno, hayaokoi mtu. Nawapa Ebola. Afrika Magharibi kuanzia mwisho wa 2013, Guinea, Liberia, Sierra Leone, zaidi ya watu 11,000 walikufa, na maiti wa Ebola ndo anaambukiza vibaya. Timu zikaja na mavazi ya plastiki, mwili watiwa mfukoni waondoka nao, familia haijaosha, haijaswalia, haijui kaburi liko wapi. Watu wakaanza kuficha maiti. Wewe fikiria ni babako. Wanaanthropolojia wakashirikishwa, wazee wa dini wakashirikishwa, na kabla mwaka 2014 haujaisha utaratibu ukabadilishwa: kwa Waislamu maiti asioshwe lakini atayamamishwe, yaani vumbi safi badala ya maji, avishwe sanda, aswaliwe, jamaa wawepo. Tayamamu iko kwenye dini tangu zamani kwa pale maji hayawezekani, hakuna aliyeizua. Ilibidi tu mtu aulize.

Malindi nilikaa miezi miwili na hapo ndo nilipojifunza sura ile ya tatu ya ugonjwa kwa machungu. Pwani nzima mtumiaji wa unga, yaani heroini, aitwa teja, mateja wakiwa wengi. Sasa teja ni mwenye dhambi, ni mhalifu, au ni mgonjwa? Usicheke, hilo ni swali la mtihani na ni swali la nyumbani kwa watu, kwa sababu kila jibu lina mlango wake: msikitini, polisi, au hospitali. Malindi kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayopewa mateja badala ya unga, ilifunguliwa 2015, mtu aenda kila siku anywa kipimo chake mbele ya mhudumu. Wasomi waliita hiyo kuligeuza jambo la maadili kuwa jambo la tiba, na wabishana kama ni nzuri au mbaya, manake ukishaitwa mgonjwa wa kila siku nayo ni pingu yake. Mimi sitawamalizia ubishi huo. Nasema tu nilichokisikia kwa mama mmoja, mwanawe ana miezi minne kliniki. Nikamuuliza hali yake. Akasema, "huyu mwanangu hawezi, lakini anaendelea." Miaka yote ile alipokuwa mtaani mama huyo hakuwahi kusema hawezi. Alikuwa akisema sina mtoto.

Ya chuoni nitayapitisha mbio. Utasoma nadharia, utasoma epidemiolojia kidogo, yaani vile maradhi yaenea kwa watu, na takwimu usizikimbie, mtu wa hadithi asiyejua hesabu hunyamazishwa mkutanoni na slaidi moja tu. Utajifunza kuuliza na zaidi kunyamaza. Kabla hujamuuliza mtu yeyote kuna kamati ya maadili, kuna kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, kuna kaunti, kuna chifu, jipe miezi. Na ukitaja damu pwani hii jua neno mumiani, yule asemekanaye kunyonya watu damu, liko tayari mdomoni mwa watu tangu enzi za ukoloni, ndo maana kule Kilifi, kwenye kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome kilichoanza 1989, kuna watu ambao kazi yao ni kuzungumza na vijiji. Hiyo nayo ni ajira. Matangazo ya kazi hayatasema "twatafuta mwanaanthropolojia", yatasema afisa wa kushirikisha jamii, mtafiti msaidizi, mratibu wa mradi. Mshahara wake waeza kuchelewa, sitawadanganya.

Na wewe mwenyewe ni sehemu ya vipimo. Mimi mwanamke, kwenye baraza za Mkunguni, uwanjani pale Amu, sikai, kwa hivo yale wanaume wanayosemezana kuhusu mabusha siyajui, lakini jikoni na chumba cha mzazi wa arubaini, na uji wake wa pilipili manga na mkandaji wake, naingia bila hodi. Tena kuna kutafsiri. Mama aniambia "moyo waenda mbio", mwenzangu aliyekuwa akichapa akaandika ni tatizo la mapigo ya moyo. Mama alikuwa anazungumzia deni.

Yule bibi wa goti nilirudi kwake. Ilikuwa mwaka wa nne, nahitaji mtu wa kufanyia mazoezi yale maswali ya Kleinman, nikaenda na daftari. Shikamoo bibi, marahaba. Waliitaje? "Baridi." Imeletwa na nini? Na kufua nguo alfajiri miaka arubaini, maji ya kisima. Lilianza lini? Akafikiri sana, akasema lilizidi ule mwezi mwanawe wa kwanza alipohama. Kliniki walimpa tembe, huzimeza akikumbuka. Mpaka tukafika la mwisho, katika ugonjwa huu bibi waogopa nini?

Nilitarajia aseme kukatwa mguu, au kufa. Akaangalia ngazi zile, za mawe, zimesimama wima kama ukuta, chumba chake kiko juu.

"Naogopa Mombasa."

Mwanawe ashamwambia siku atakayoshindwa na ngazi atakuja kumtoa, akakae naye gorofani huko, na mkewe. Kumbe kila akienda kliniki akiulizwa goti lasemaje ajibu afadhali, kwa sababu nesi ni jamaa ya mkwe.

Nikawa naandika haraka kabla sijasahau. Akanyosha shingo.

"Waandika nini hapo?"

"Yale uliyoniambia bibi."

"Futa. Andika goti limepoa."